Bastola ya bei nafuu uwanjani: risasi 200 za kwanza

Watu wakipeleka bastola mpya ya bei nafuu kwenye uwanja wa shabaha, hukimbilia kuangalia inapiga wapi. Mimi nasema shabaha isubiri. Swali la kwanza ni kama bastola inakula risasi, inalia, inatema ganda na kujipakia nyingine, kila mara, kwa kila magazini (kisanduku cha risasi) iliyokuja nayo. Hapa nazungumzia bastola ya kawaida ya milimita 9.

Kazi inaanza kabla ya kufyatua. Toa magazini kwanza, ndipo uvute nyuma slaidi, yaani sehemu ya juu inayokwenda mbele na nyuma. Angalia kwa jicho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulia, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe ni tupu. Ukigeuza mpangilio huo, slaidi itapakia risasi nyingine kutoka kwenye magazini huku ukiamini umeipakua bastola. Fungua bastola kwa kufuata kijitabu chake na ufute mafuta mazito iliyopakwa kiwandani ili isishike kutu. Mafuta hayo yakibaki kwenye tundu la pini ya kufyatulia, pini inachelewa na kugonga kwa unyonge. Kisha tone dogo la mafuta mepesi kwenye kila reli ya slaidi na nje ya mtutu linatosha. Kwenye tundu la pini usitie hata tone.

Bastola ikiwa tupu na risasi zote ziko mbali, dumbukiza penseli ndani ya mtutu, upande wa kifutio ukitangulia, elekeza mtutu juu upande ulio salama na ufyatue. Penseli inapaswa kuruka. Ikitikisika tu, pini ina kasoro au uchafu. Kama bastola ina kitufe cha usalama, kiweke na urudie: safari hii penseli isisogee hata kidogo. Ikisogea, bastola hiyo irudi ilikotoka bila kutiwa risasi.

Uwanjani, miwani na vizuia sauti vya masikioni vikishavaliwa, usijaze magazini. Tia risasi moja. Ikilia, slaidi inatakiwa ibaki wazi nyuma. Kisha tia mbili: ukibonyeza kifyatulio mara moja ilie moja tu, na ya pili isubiri mpaka kidole kiachie na kubonyeza tena. Bastola inayolia mbili kwa mbonyezo mmoja ni hatari, na ndiyo sababu unaijaribu na mbili, si na 15.

Andika namba kwenye magazini zako kwa rangi, 1 na 2. Hatua hii inapuuzwa sana, wakati hitilafu nyingi za bastola za bei ya chini zinatoka kwenye magazini: midomo iliyopinda, springi dhaifu, jukwaa la kuinulia risasi linalokwama njiani. Risasi zikikwama kwenye namba 2 tu, bastola yenyewe haina kosa. Nunua magazini nyingine na uendelee.

Namna ya kukwama inaeleza chanzo. Risasi ikiinamisha pua na kugota chini ya mdomo wa chemba, tazama magazini. Ganda likisimama wima likiwa limebanwa na slaidi, huenda mkono umelegea: bastola nyepesi ya plastiki inahitaji kiganja kilichokaza ili slaidi ipate cha kusukumia. Mpe mpigaji mwingine mwenye mkono imara. Kama kwake pia ganda linasimama, chunguza ndoano inayovuta ganda na springi yake. Ganda likibaki chembani huku risasi mpya ikisukumwa nyuma yake, funga slaidi nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara kadhaa, kisha pakia upya.

Risasi isipolia, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30, maana kuna inayochelewa kuwaka. Baadaye itoe na utazame fataki iliyo kitakoni mwake, ile inayogongwa na pini ili kuwasha baruti. Alama yenye kina inaelekeza lawama kwa risasi. Alama hafifu inaelekeza kwenye pini, au slaidi ambayo haikufunga kikamilifu.

Mlio ukiwa mdogo na teke likiwa hafifu kuliko kawaida, acha papo hapo, hata kama slaidi imejipakia. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata inaweza kuupasua. Pakua bastola, ifungue, na upitishe ufito ndani ya mtutu kabla ya lolote.

Kwa jaribio zima natumia risasi za mazoezi zenye kichwa cha grein (kipimo cha uzito) 115 na 124, nyingi kiasi cha 200. Risasi 50 za mwanzo naziachia vyuma vizoeane. Katika 150 zinazobaki sitaki kukwama hata kumoja ambako sijakipata chanzo chake. Risasi zenye alama ya +P, yaani zenye shinikizo kubwa kuliko kawaida, ziache, isipokuwa kijitabu kinaziruhusu.

Ndipo ije shabaha. Egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, mita 15, piga tano, na upime kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Sentimita 10 kwangu zinatosha kwa bastola ya bei hii. Mtumia mkono wa kulia akipiga chini kushoto, mara nyingi ni kidole kinachoruka kwenye kifyatulio kizito, kwa hiyo usikimbilie kugusa kilengeo. Kundi la matundu likibaki pembeni hata kwa mpigaji mwingine, sogeza kilengeo cha nyuma kuelekea unakotaka risasi iende.

Kabla ya kuanza, chora mstari mwembamba wa kalamu unaovuka kichwa cha kila pini ya fremu na skrubu ya kilengeo. Ukimaliza, utaona iliyozunguka. Nawa mikono kwa sabuni na maji baridi, fungua bastola tena, na utafute nyufa karibu na dirisha la kutemea maganda, hasa kama slaidi ni ya aloi ya zinki na si chuma cha pua. Ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, unaizuia bastola hiyo kupigwa tena.