Amri katika Kiingereza kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Neno "kipilefti", ambalo Watanzania hulitumia kwa makutano ya barabara yenye mzunguko, lilianza kama sentensi kamili ya amri katika Kiingereza: "Keep left", yaani pita kushoto. Kiswahili kiliipokea amri hiyo kama nomino ya ngeli ya KI-VI, hata wingi wake ukawa vipilefti. Umbo lake la asili linaonyesha jinsi Kiingereza kinavyoamuru: kitenzi kitupu hutangulia, na kiima hakitajwi kwa sababu anayeambiwa anajulikana.

Kitenzi chetu kimezoea kubeba mengi zaidi. Mtu mmoja tunamwambia "kaa", wengi "kaeni", na tukitaka kulainisha kauli tunasema "ukae" au "mkae", ilhali Kiingereza cha leo hutumia "Sit" ileile kwa mtoto mmoja na kwa ukumbi mzima, ingawa Kiingereza cha Kale kilikuwa na umbo la pekee la wingi. Mwanafunzi anayehisi pengo hilo hulijaza kwa kusema "You sit". Sarufi hairukwi hapo, lakini msikilizaji husikia ukali wa "wewe, kaa!".

Katika kukanusha, "si" yetu hukaa ndani ya kitenzi: "usichelewe". Kiingereza huhitaji kitenzi kisaidizi "do", hata mbele ya "be", kwa hiyo husemwa "Do not be late", wala si "Not be late".

Jambo linalostahili uangalifu mkubwa zaidi ni adabu. Kwetu "naomba maji" inatosha. "Give me water", hata ikiongezewa "please", yaweza kusikika kama agizo mbele ya mtu usiyemzoea, na ndiyo maana wenye lugha hupendelea swali: "Could I have some water, please?" Hata hivyo, amri inayomnufaisha anayeambiwa haihitaji kulainishwa. "Come in" na "Have some tea" ni ukarimu mtupu, sawa na "karibu" yetu.

Katika chumba cha mtihani, amri husomwa kwa makini kuliko mahali pengine popote. "State" hutaka hoja itajwe kwa ufupi, "Explain" hutaka ifafanuliwe pamoja na sababu zake, na mtahiniwa anayetaja tu mahali alipoambiwa afafanue hupoteza alama za jambo analolijua.