Akili Mnemba na Tija ya Wasanidi Programu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Akili mnemba humharakisha kila msanidi programu katika kila kazi.

Ukweli: Dai hili halikuzuka hewani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, wasanidi 95 waliombwa kuandika seva ya HTTP (programu inayojibu maombi ya vivinjari vya wavuti) kwa lugha ya JavaScript, na waliopewa GitHub Copilot, zana ya akili mnemba inayopendekeza msimbo (maagizo ya programu), walimaliza kwa muda pungufu kwa takribani asilimia 56. Kazi hiyo, hata hivyo, ilikuwa fupi na ilianza bila msimbo wowote wa awali, ilhali msanidi aliyeajiriwa hushinda ndani ya mfumo mkubwa ulioandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, wenye kanuni ambazo nyingine hazikuandikwa popote. Mwaka 2025 METR, taasisi ya utafiti wa akili mnemba, iliwapima wasanidi wazoefu 16 kwa kazi 246 kutoka miradi ya programu huria waliyoifahamu vyema, na kazi zilizoruhusiwa akili mnemba zikachukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Matokeo haya hayapingani, kwa kuwa yanapima kazi za aina mbili.

Dhana: Msanidi mwenyewe hujua kama zana inamwokolea muda.

Ukweli: Wasanidi hao wa METR walitarajia kupunguza muda kwa asilimia 24, na hata baada ya kumaliza waliamini wameupunguza kwa asilimia 20. Kwa maoni yangu hili ni zito kuliko ucheleweshaji wenyewe, kwani meneja anayewauliza watu wake kama zana inawasaidia atapata majibu ya dhati ambayo huenda hayana uhusiano wowote na muda halisi uliotumika.

Dhana: Msimbo ukiongezeka, tija imeongezeka.

Ukweli: Tuchukue jaribio la programu, yaani ukaguzi wa kiotomatiki wa kama msimbo unafanya kazi, linalofeli. Zana inaombwa irekebishe kasoro, nayo inauzungushia msimbo wenye kasoro sehemu inayomeza kila kosa bila kulitaja. Jaribio linapita, alama ya kijani inawaka, na data inaendelea kuharibika hadi mteja alalamike. Mistari imeongezeka, lakini mtu wa kuisoma, kuielewa na kuiwajibikia ni yule yule. Ripoti ya mwaka 2024 ya DORA, mpango wa Google wa utafiti wa utoaji wa programu, ilikadiria kwamba ongezeko la asilimia 25 la matumizi ya akili mnemba huendana na kushuka kwa uthabiti wa utoaji wa programu kwa asilimia 7.2, na waandishi wake wakashuku kwamba mabadiliko yanawasilishwa kwa mafungu makubwa mno.

Dhana: Wakongwe ndio wanaonufaika zaidi.

Ukweli: Katika majaribio yaliyofanywa Microsoft, Accenture na kampuni ya tatu, yaliyohusisha karibu wasanidi 5,000, kazi zilizokamilishwa ziliongezeka kwa takribani asilimia 26, na wenye uzoefu mdogo ndio waliopata nyongeza kubwa. Kipimo kikuu kilikuwa idadi ya maombi ya kuunganisha msimbo mpya kwenye mradi, idadi ambayo haisemi lolote kuhusu saa za mkongwe anayeyakagua.