Wasia wa mdomo, wa maandishi, wa theluthi: wako ni upi?

Hapa Mombasa neno wasia tunalitumia kwa mambo mawili na hapo ndipo vurugu huanza. Mtu akisema "babu alituusia" huenda aliwaambia mpendane na msitupane, maneno mazuri sana lakini hizo ni nasaha, hazimfungi mtu kortini. Wasia wa mali ni kitu kingine: mtu akiwa hai na akili zake timamu anatamka kwamba nikifa kitu fulani kiende kwa fulani, na fulani asimamie. Mpaka afe hauna nguvu yoyote, kesho akibadilisha nia anauchana anaandika mwengine na hakuna wa kumuuliza.

Watu huuliza "niandike wasia wa aina gani" na swali la kwanza si una mali gani, swali la kwanza ni wewe ni Muislamu au la. Manake Kenya tuna Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na sheria hiyo yenyewe inasema mali ya Muislamu aliyekufa igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010 nayo kwenye kifungu cha 170 inampa kadhi kesi za mirathi pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Kwa hivyo majirani wawili wa Majengo, ukuta kwa ukuta, waweza kuandika maneno yale yale na yakafanya kazi tofauti kabisa.

Tuanze na asiye Muislamu. Sheria yaujua wasia wa mdomo na wasia wa maandishi, basi.

Wa mdomo ndio unaoumiza watu. Unakubalika, ndio, lakini lazima useme mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na lazima ufe ndani ya miezi 3 tangu uliposema. Ukipitisha miezi 3 na bado uko hai, yale maneno yamekwisha, ni kama hukusema kitu. Kulikuwa na mzee jirani yetu Changamwe, aliugua tukadhani ndio basi, akamwita ndugu yake na mtu wa kanisani kwao akasema duka aachiwe binti yake wa mwisho kwa sababu ndiye aliyekaa nalo siku zote. Mungu akamponyesha, akarudi dukani, akafariki baada ya miezi 9. Kila mtu mtaani alikuwa anajua alichosema, na hakikusaidia kitu, mali ikagawanywa kama ya mtu ambaye hakuacha wasia. Binti alilia na mimi sikujua nimwambie nini. Na hata miezi 3 ikiwa haijapita, mashahidi wakigongana, huyu anasema duka, huyu anasema duka pamoja na stoo, wasia unasimama kwa kile tu kilichothibitishwa na shahidi asiye na maslahi.

Kuna watu wanaofunguliwa mlango kidogo, wanajeshi na mabaharia wa meli za biashara, na sisi ni watu wa bandari kwa hivyo tusilipite hili. Baharia akisema wasia wake akiwa kazini na akafia katika kipindi kile kile cha kazi, unakubalika hata miezi 3 ikiwa imepita. Akishamaliza kipindi hicho akarudi nyumbani, ni kama sisi wengine.

Wa maandishi hauhitaji karatasi ya serikali wala hauhitaji loya, ingawa mali ikiwa nyingi au wake zaidi ya mmoja mimi nasema tafuta loya. Uwe umetimiza miaka 18, hujalazimishwa, unatia sahihi au alama yako, na mashahidi wawili wanakuona ukitia, au unawaambia mwenyewe kwamba hii sahihi ni yangu, halafu kila mmoja anatia yake wewe ukiwepo. Si lazima wote wawili wawe hapo kwa wakati mmoja. Kosa linalorudiwa kila siku ni kumfanya shahidi yule yule unayempa mali, mama anamwita mwanawe wa kwanza atie sahihi kwa sababu ndiye aliye karibu, kumbe shahidi hapati alichoandikiwa, wala mumewe au mkewe hapati, labda wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika.

Jengine ambalo wengi hawalijui, ukifunga ndoa baada ya kuandika, ule wasia umevunjika, isipokuwa uliandika ukimtaja huyo huyo unayetarajia kumuoa au kuolewa naye. Na usidhani waweza kumtupa mke au mtoto kwa kalamu, wana haki ya kwenda mahakamani kuomba watengewe sehemu na jaji anaweza kuwapa. Ukitaka kubadilisha kitu kidogo unaandika nyongeza na inashuhudiwa vile vile kama wasia wenyewe. Kuna mke na mume huandika wasia mmoja wa pamoja, mimi siupendi, mmoja akitangulia mwenzake anabaki na mafundo ya kufungua, bora kila mtu na wake.

Sasa Muislamu. Hapa wasia hauandiki mali yote, kwa sababu mirathi ishagawanywa kwenye Qur'ani, Suratun Nisaa, mke ana fungu lake, mama ana lake, watoto wana yao. Mtu akifa inatolewa gharama ya maziko, yanalipwa madeni (na mahari ambayo mume hakumaliza kulipa ni deni, tusijifanye hatujui), halafu wasia, halafu ndio warithi. Na wasia mwisho wake theluthi moja ya kilichobaki baada ya madeni, na haumwendei mrithi, ila warithi wenziwe waridhie baada ya mauti. Kwa hivyo baba anayeandika "nyumba yote ya mwanangu wa kiume niliyejenga naye" huyo hajaandika wasia, ameandika ugomvi.

Wengine husikia hivi wakasema basi hauna maana, na hapo ndipo ninapopata uchungu, manake ile theluthi imewekwa kwa watu ambao mirathi haiwafikii. Mjukuu yatima, babake amekufa kabla ya babu na ami zake wako hai, harithi kitu kwa babu yake. Mtoto uliyemlea tangu mchanga na si wa damu yako, harithi. Mtu aliyesilimu na mamake bado yuko kule Kaloleni na dini yake, mama yule hamrithi mwanawe. Wote hao waweza kuwausia. Na mafunzo ya Mtume ni kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale usiku mbili bila kuwa umeandikwa. Kwa sharia mdomo mbele ya mashahidi unaweza kutosha, lakini mashahidi nao hufa, nao husahau, andika.

Muislamu akitaka kumpa mrithi mmoja zaidi ya wenziwe kuna hiba, zawadi ya uhai, lakini hiba ni kukabidhi kweli leo, si kuandika jina halafu uendelee kukusanya kodi mwenyewe mpaka ufe. Na kuna wakfu, mali inafungwa isiuzwe na faida yake iende kwa msikiti, madrasa au jamaa.

Kwa dini zote, angalia unachoandika ni chako. Mombasa nyumba nyingi ni nyumba bila ardhi, wewe una kuta na mabati, kiwanja ni cha mtu mwengine na unamlipa kodi ya ardhi. Ukiandika "naacha ploti yangu" umeacha kitu huna. Andika nyumba, eleza iko wapi, na uweke risiti za kodi pamoja.

Mtaje na wasii, msimamizi, awe mtu unayemuamini na pesa si unayempenda tu, na umuulize kwanza kama anakubali. Mkitaka zaidi ya mmoja, korti haitoi usimamizi kwa zaidi ya watu 4. Halafu umwambie karatasi iko wapi. Ami yangu alifanya kila kitu sawa, aliandika theluthi kwa mjukuu wake yatima, mashahidi wawili, sahihi, tarehe, akaikunja akaitia ndani ya sanduku la nguo chini kabisa na hakumwambia mtu, na wale mashahidi wawili wakamtangulia. Karatasi ilionekana miaka miwili baadaye sanduku lilipotolewa kupakwa rangi. Nyumba ilikuwa ishauzwa, pesa zishagawanywa, na kijana yuko Form Two analipiwa karo kwa michango.