Kloni si mtu aliyefufuliwa

Wengi wanaoikumbuka The Boys from Brazil, filamu ya mwaka 1978 ambamo Gregory Peck anaigiza Josef Mengele, daktari wa Kinazi, husema ni hadithi ya Hitler kufufuliwa. Sivyo. Wanaotengenezwa ni kloni, yaani watoto wachanga 94 wenye jeni zilezile za Hitler, na hakuna anayezaliwa na kumbukumbu za Hitler. Ndiyo maana Mengele anawapeleka kwa wazazi maalumu, baba mtumishi wa umma aliyemzidi mkewe umri kwa mbali, kisha anaagiza akina baba wauawe wakifika miaka 65 hivi, ili wavulana wafiwe utotoni kama Hitler alivyofiwa. Mpango mzima, pamoja na ukichaa wake, unakiri kwamba jeni pekee hazitoshi. Cha ajabu, watazamaji hutoka wakiamini kinyume chake.

Maabara nazo zimeonyesha hivyo. Kondoo Dolly, kloni aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996 kutokana na seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita, alianza maisha kama mwanakondoo yeyote. Paka CC, kloni aliyezaliwa Texas mwaka 2001, hakufanana hata kwa manyoya na paka aliyenakiliwa: rangi ya chungwa ya paka huyo haikutokea kabisa kwa CC.