Kisukari si suala la kongosho peke yake
Wengi husema kisukari cha aina ya 2 ni kula vitamu na kongosho kuchoka, basi. Misuli husahaulika, ilhali ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya glukosi (sukari ya damu) baada ya mlo. Insulini, homoni itokayo kwenye kongosho, hubisha hodi, kisha visafirishaji viitwavyo GLUT4 hutoka ndani ya seli hadi kwenye utando wake na kuingiza glukosi. Kwa mgonjwa, hodi hiyo haiitikiwi vizuri. Siku chache tu za kulala kitandani hudhoofisha mwitikio huo hata kwa mwenye afya njema. Lakini (hapa ndipo panaponishangaza) msuli unaojikaza huviita visafirishaji hivyo wenyewe, bila kungoja insulini, na njia hiyo hubaki ikifanya kazi hata kwa mwenye kisukari hiki.