Vitamini kwa mgonjwa wa figo: tunavyodanganyana

Ukiwa na ndugu mwenye shida ya figo utayasikia haya sana, kila anayekuja kumjulia hali ana kopo la vitamini mkononi. Nia ni nzuri kabisa ila mengi yanayosemwa si kweli, na mengine yanaumiza.

"Figo zikifeli vitamini zote zinaisha, mpe multivitamini." Hapana. Zingine zinashuka, zingine zinajazana mwilini. Vitamini A ndo inayojazana, na dialisisi (ile mashine ya kusafisha damu) haiitoi, ikizidi inaharibu ini na mifupa. Sasa multivitamini nyingi za duka la dawa zina A ndani, na mafuta ya ini la samaki ndo usiseme. Geuza kopo usome nyuma, ukiona A au retinol (ni A hiyohiyo) usimpe kabla hujamuuliza daktari wake.

"Huku kwetu jua lipo, D haiwezi kupungua." Hii naisikia mno na ndo inayowapoteza watu wengi, maana jua linaanzisha kazi tu, ngozi inatengeneza, ini linaibadilisha, halafu figo ndo inaimalizia iwe na nguvu, kwahiyo figo ikichoka hiyo hatua ya mwisho inakwama hata ushinde shambani kutwa nzima. Bila D hiyo kalsiamu kwenye damu inashuka, tezi ndogo za shingoni zinamwaga homoni ya kuichukua kwenye mifupa, mwisho mtu analalamika mifupa inauma na hajaanguka popote. Ndo maana wengine wanaandikiwa alfakalsidoli au kalsitrioli, yaani dawa za D zisizosubiri figo kuzimalizia, halafu wanapimwa kalsiamu, fosfeti na ile homoni, sababu dawa ikizidi kalsiamu inapanda kupita kiasi. Msigawane hizi dawa jamani, hata kama mnakaa vitanda jirani.

"Vitamini C ikizidi si unaikojoa tu." Hiyo ni kwa mwenye figo nzima. C nyingi inageuka oksaleti, figo mbovu haziwezi kuitoa, inaganda humohumo kwenye figo na hata kwenye moyo. Vile vidonge vya povu kimoja kinaweza kuwa na mg 1000, ilhali wagonjwa wa dialisisi wanaopewa C kawaida ni mg 60 mpaka 100 kwa siku.

Za B ni kweli mashine inazitoa, B6 na asidi ya foliki hasa, ndo maana kuna vidonge vyao maalumu na siku ya dialisisi vinamezwa baada, sio kabla. Ila nyingi sana nazo hapana: utafiti wa Canada uliotoka 2010 uliwapa dozi kubwa za B wagonjwa wa kisukari walioharibika figo, na figo zao zikashuka haraka kuliko za wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Halafu unga wa mlonge. Watu wanasema ni vitamini za asili hauna shida, kumbe una potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda inaweza kusimamisha moyo. Kama mgonjwa wako anautumia, hata kijiko kimoja kwenye uji, mwambieni nesi kabla ya vipimo vinavyofuata.