Majira ya baridi na ibada: dhana na ukweli

Kila Desemba ujumbe ule ule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: baridi ni majira ya machipuo kwa muumini, usiku wake mrefu asimame, mchana wake mfupi afunge. Anayeutuma mara nyingi yuko Dar es Salaam, feni imewashwa, jasho linamchuruzika.

“Desemba ndiyo yenyewe, popote ulipo.” Kwetu sivyo. Usiku mrefu kabisa wa Dar ni wa Juni, wakati wa kipupwe, na hauuzidi wa Desemba hata kwa saa nzima. Fadhila hiyo inaonekana hasa kwa ndugu zetu walioko London, Toronto au Minneapolis. Hadithi yenyewe imo kwenye Musnad ya Imam Ahmad, kutoka kwa Abu Said al-Khudri, na wanazuoni wamezungumza juu ya sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi wake. Maana yake, hata hivyo, yeyote aliyewahi kuishi huko ataithibitisha kwa saa yake ya mkononi.

“Baridi ni ya kujikunyata tu, ibada itasubiri jua.” Hii ndiyo inayopoteza watu wengi zaidi, maana inachukulia kwamba usingizi na kisimamo cha usiku vinagombania saa zile zile. Hebu tupige hesabu ya London. Mwishoni mwa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kufikia saa kumi na mbili Isha imeshaingia. Alfajiri huingia mnamo saa kumi na mbili asubuhi. Usiku ni wa saa 14 hivi! Mtu akilala saa nne na kuamka saa kumi na moja, amepata saa saba kamili za usingizi na bado ana karibu saa nzima ya kuswali, kusoma juzuu yake, au kukaa kimya tu kuihesabu nafsi yake. Juni jambo hilo halipo: Isha ni karibu na saa tano usiku au baada yake, na Alfajiri inabisha hodi kabla hujageuka ubavu wa pili.

Saumu nayo ni vivyo hivyo: Desemba urefu wake haufiki saa 10, ilhali Juni huzidi saa 18. Ndiyo maana akina mama wengi wa huko hulipa siku zao za Ramadhani wakati huu. Wanafanya vyema, kwa sababu kwa madhehebu yetu ya Shafi, kuchelewesha kadha (kulipa funga) bila udhuru hadi Ramadhani nyingine kunaongeza fidia ya chakula, kibaba kimoja kwa kila siku.

“Kukiwa na baridi, tayamamu (kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji) inatosha.” Watu hutaja kisa cha Amr bin al-Aas, aliyetayamamu usiku wa baridi kali kwenye vita vya Dhat as-Salasil, naye Mtume (s.a.w.) akacheka asimkemee. Lakini Amr aliogopa kufa. Wewe una bomba la maji moto bafuni. Nafuu iliyopo ni kupangusa juu ya khofu (soksi za ngozi) badala ya kuosha miguu, mchana na usiku mmoja kwa aliye mjini, siku tatu kwa msafiri.

“Unyonge wa baridi ni imani kupungua.” Maneno haya huumiza, na husemwa kirahisi mno. Mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake walieleza aina ya sonona inayorudi kila majira ya giza: usingizi usiokwisha, hamu ya wanga, kukosa raha. Miongoni mwa tiba zake ni kukaa asubuhi mbele ya taa maalumu yenye mwangaza wa lux 10,000 kwa nusu saa. Uradi haugombani na taa hiyo, wala na daktari. Na kwa vitamini D, mamlaka za afya za Uingereza hushauri kila mtu afikirie mikrogramu 10 kwa siku katika miezi ya baridi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mwaka mzima.